Fundi Ildefons na Diski ya Ma Alistidia

Ildefons Lwakatare alizaliwa Buganguzi, akabatizwa Buganguzi, na kwa miaka thelathini na minne ameshona nguo kwenye kibaraza kimoja cha duka pale sokoni. Ameshona sare za shule za watoto, kisha sare za watoto wa watoto hao. Ana mke, Jovina, watoto watano waliokwisha kujitegemea, na kibanja cha migomba na kahawa alichorithi kwa baba yake. Hajapata kugombana na jirani juu ya mpaka. Haya ninayoandika ameniruhusu kuyaandika, kwa sharti moja: nisiipunguze sehemu yake.

Alikuwa mtu wa kwanza kijijini kwetu kununua deki, mashine ya kuonyeshea video, enzi ambazo umeme ulikuwa haujafika na deki ilitumia betri ya gari. Kwa sababu hiyo watu walizoea kumwuliza habari za kila kitu chenye waya. Redio ikikoroma, aliulizwa Ildefons. Simu ikizima, aliulizwa Ildefons. Naye alijibu kila mara, na kwa kuwa mara nyingi alipatia, hakuna aliyezihesabu zile mara alizokosea.

Jirani yake wa karibu ni mjane aitwaye Alistidia, ambaye sote tunamwita Ma Alistidia kwa heshima ya umri wake. Miaka michache iliyopita binti yake wa mwisho, Dativa, aliolewa na kijana wa Kitendaguro, Bukoba mjini. Katika ukoo wao mama mzazi hafuatani na binti yake kwenda ukweni. Humuaga nyumbani, akabaki mlangoni, na msafara ukaondoka na shangazi na dada. Ma Alistidia alijua tangu mwanzo kwamba hataiona ndoa ya mwanawe kanisani. Hakulalamika. Alisema tu, mara nyingi kuliko alivyodhani, kwamba ataiona kwenye video.

Mpiga video alikuwa Clavery Mwijage, kijana mwenye studio yake Bukoba. Siku ya kumuaga binti alifika Buganguzi mapema, akamwonyesha Ma Alistidia diski za aina mbili. Moja ni ya kawaida, ile tuliyoizoea sote. Nyingine ni ya blurei, ya kisasa zaidi, ambayo picha yake, alisema, ni kali kiasi cha kuhesabu shanga shingoni mwa bibi harusi. Bei yake ilikuwa mara tatu ya ile ya kawaida. Akaziacha mezani, akaenda kupiga picha za wageni.

Ma Alistidia alimwita Ildefons, kwa lile "Ta" la heshima tunalowapa wanaume watu wazima.

"Ta Ildefons, wewe unazijua hizi. Nichukue ipi?"

Ildefons alizishika zote mbili. Alizigeuza kwenye mwanga. Kisha akafanya jambo ambalo ni fundi cherehani peke yake angelifanya: aliivua futi iliyokuwa shingoni mwake, akazipima.

"Sentimita kumi na mbili," alisema. "Na hii, kumi na mbili kamili. Tundu la katikati, milimita kumi na tano. Na hili, kumi na tano. Ma Alistidia, hizi ni nguo mbili za kipimo kimoja. Zitaingia kwenye deki yako bila shida. Tofauti ni kitambaa tu, na wewe unamwoza binti mmoja aliyebaki. Chukua kilicho bora."

Fedha ya kahawa ambayo Ma Alistidia alikuwa ameiweka kwa ajili ya bati za jikoni ikaenda kwenye diski.

Wiki iliyofuata Clavery alimpigia Ildefons simu, maana namba yake ndiyo iliyoachwa. Mazungumzo yale Ildefons anayakumbuka neno kwa neno.

"Mzee, shikamoo. Kazi ya mama iko tayari. Ila nilitaka kuhakikisha, mashine ya kuisomea anayo?"

"Marahaba. Mashine ipo."

"Ya blurei yenyewe?"

"Kijana, mimi nimeanza kushika deki kabla wewe hujajua kufunga kamba za viatu. Lete diski."

Diski ikaletwa na dereva wa gari la asubuhi, ndani ya kasha la buluu.

Jumapili, baada ya ibada, tulikusanyika kwa Ma Alistidia, watu kama ishirini. Alituzungushia kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama inavyostahili wageni wa heri. Alikuwa amevaa gomesi lile lile, gauni refu la heshima, alilovaa siku ya kumuaga binti. Kiti chake kilikuwa mbele kabisa, hatua mbili kutoka kwenye runinga yake ndogo ya chogo, ile ya zamani yenye mgongo mrefu.

Ildefons ndiye aliyeiweka diski. Deki ikaimeza, ikaguna, ikaizungusha, ikatulia. Kwenye kioo kikatokea maandishi kwamba hakuna diski. Aliitoa, akaipangusa kwa upindo wa shati, akairudisha. Hakuna diski. Akaizima deki, akaiwasha. Hakuna diski.

"Labda inaona haya, wageni ni wengi," alisema Evelyne, katibu wa jumuiya yetu, mwanamke mwenye ulimi mwepesi. Watu wakacheka.

Ildefons aliniambia kwamba kicheko kile ndicho kilichomshinda. Alihisi macho ya watu ishirini mgongoni. Alikuwa ameinama mbele ya mashine aliyoitolea ushauri, na hakujua tatizo ni nini. Angeweza kusema hivyo. Badala yake aliinuka, akasema kwa sauti kubwa:

"Hii diski ni tupu. Yule kijana amewauzia kasha."

"Tupu?" aliuliza Ma Alistidia.

"Tupu, waitu, jirani yangu. Deki yenyewe inasema hakuna kitu ndani."

Chumba kizima kikafurahi kupata wa kulaumiwa. Watu wa mjini! Anaona mjane wa shamba, anampiga! Evelyne akakumbusha kwamba kijana huyo huyo ndiye aliyekwisha kupewa kazi ya kupiga video ya jubilei ya kigango chetu. "Huyu? Atatupiga picha za hewa!" Ma Alistidia aliirudisha diski kwenye kasha, akalifunga polepole, akalifunika kwa kitambaa cha meza. Jumapili iliyofuata, alipoulizwa mbele ya halmashauri ya kigango, alisema aliyoambiwa. Clavery akanyang'anywa kazi ya jubilei, akapewa mwingine.

Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa nyuma siku ile. Nilikuwa nimewahi kusoma mahali kwamba diski za namna ile zina mashine yake. Sikuwa na uhakika kamili, na niliona si adabu kumsahihisha mtu mzima mbele za majirani zake. Nikatafuna kahawa yangu, nikanyamaza. Adabu hiyo aliilipia Clavery.

Zilipita wiki tatu. Ildefons alikwenda Bukoba kununua zipu na vitambaa vya bitana, akiwa na diski aliyoiomba kwa Ma Alistidia, kwa nia ya kwenda kumkaripia kijana. Njiani aliingia dukani kwa Jamali, muuza vyombo vya umeme, ambaye Ildefons huwa ananunua kwake mazungumzo zaidi kuliko bidhaa. Alitaka ushahidi wa mtu wa tatu.

Jamali aliiweka diski kwenye mashine iliyounganishwa na runinga bapa ukutani. Dativa akatokea, mkubwa kama mlango, akishuka garini mbele ya kanisa. Kila ushanga ulihesabika.

Ildefons aliisogelea runinga, akazitazama shanga zile.

"Deki ya kijijini imeikataa," alisema hatimaye. "Ilisema ni tupu. Na vipimo ni vile vile. Nilipima mwenyewe."

"Ulipima kwa kitu gani?"

"Kwa futi."

Jamali alicheka mpaka akashika kaunta. Kisha alimwona uso, akaacha.

"Mzee wangu, wewe fundi. Sindano ya kushonea turubai, unaweza kudarizia leso?"

"Hapana. Itaitoboa tu."

"Basi. Ndani ya deki kuna mwanga unaosoma diski, na mwanga wa deki ya zamani ni mnene, kama sindano ya turubai. Kwenye blurei maandishi yamesongamana, madogo mno, yanataka mwanga mwembamba zaidi. Mashine hii ya blurei inasoma na diski zako za zamani. Lakini deki ya zamani haitaisoma blurei, hata mkiisalia rozari nzima."

"Na picha hiyo, inastahili bei yake?"

"Inategemea nani anaitazama. Mwenye runinga pana kama hii, ananunua na anafurahi, haki yake. Huyo mama ana runinga gani?"

"Chogo. Inchi kumi na nne."

Jamali akatikisa kichwa. "Huyo hata nikimpa mashine bure, tofauti hataiona. Na waya wa mashine hii hautapata pa kuchomekwa kwenye chogo. Diski ya kawaida ingemtosha kabisa. Nani alimshauri?"

Ildefons alichukua diski, akaaga. Zipu hakununua. Aliniambia alisimama nje ya duka akiwa amevishika kwapani vitambaa alivyokwisha kununua, na jambo lililomwumiza zaidi halikuwa kosa la kupima. Kosa la kupima ni la kutojua. Lakini kusema diski ni tupu, hilo alilisema akijua kwamba hajui.

Studio ya Clavery haikuwa mbali. Kijana alimwamkia bila kuinuka kitini.

"Nimekuja juu ya ile diski," alisema Ildefons.

Clavery aliipokea, akaitia kwenye kompyuta yake. Dativa akashuka tena garini.

"Hii ndiyo tupu?"

Ildefons akaviweka vitambaa vyake sakafuni.

"Nilikuuliza kwenye simu, mzee."

"Uliniuliza."

"Ukaniambia habari za kamba za viatu."

"Nilisema hivyo. Kosa ni langu lote."

"Kigango chenu kimempa jubilei mtu mwingine. Na maharusi wawili wa Muleba wamenipigia kwamba wamesikia nauza makasha matupu." Hakuwa anapaza sauti, alikuwa anaangalia kioo cha kompyuta. Akachukua diski ya kawaida, akaanza kuinakili kazi ile. Ilichukua karibu saa nzima. Alipomaliza, alikataa malipo. "Hii ni ya mama. Si yako. Mwambie pole kwa kusubiri."

Ildefons alirudi Buganguzi na dhamira ya kusema ukweli kabla ya kuvuka kizingiti. Lakini Ma Alistidia alipoiona diski mpya alipiga vigelegele, na kabla Ildefons hajafungua mdomo mama huyo alikwisha kuwaita majirani kwa majina.

"Kumbe amekubali kosa lake! Umemkazia, ee Ta Ildefons? Mungu akubariki, waitu."

Sentensi ilikuwa tayari mdomoni mwake. Aliimeza, akaketi.

Deki ilisoma. Picha ilijaa kioo kidogo, na hakuna aliyeona imepungua chochote. Dativa alishuka garini, akapanda ngazi za kanisa, akainua shela. Ma Alistidia aliondoka kitini, akapiga magoti karibu na runinga, akaweka kiganja juu ya kioo. Hakulia. Alikuwa akitaja majina ya ndugu mmoja mmoja kadiri walivyopita, kama anayewapokea.

"Kumbe mwizi ana mkono mzuri," alisema Evelyne. "Angekuwa mwaminifu tungempa jubilei yetu."

Watu wakacheka, na Ma Alistidia akacheka nao. Ildefons aliinuka, akaisimamisha picha.

"We, Ta Ildefons! Ndiyo wanavishana pete!"

"Clavery hajaiba," alisema. "Diski ile ya kwanza ilikuwa nzima. Nimeiona Bukoba kwa macho yangu. Ni ya mashine nyingine, na mashine hiyo hapa haipo. Kijana aliniuliza kama ipo, nikamwambia ipo. Siku ile nilisema ni tupu kwa sababu nilikuwa sijui la kusema, na ninyi mlikuwa mnacheka. Hii mnayoiona ameitengeneza bure."

Ma Alistidia alikuwa bado amepiga magoti.

"Kwa hiyo," alisema polepole, "mimi nilisimama mbele ya halmashauri nikamtukana mtoto wa watu."

"Nilikuponza mimi."

"Maneno yalikuwa yako, Ta Ildefons. Kinywa kilikuwa changu." Alijifuta magoti, akarudi kitini. "Sasa washa, niione pete. Na Jumapili utasema haya pale niliposema mimi, nami nitasimama pembeni yako."

Jumapili walisimama wote wawili. Ildefons alisema yote, pamoja na habari ya futi. Wengine walicheka, wengine walimpa pole, na mwenyekiti alimshukuru kwa uungwana wake, jambo ambalo, aliniambia, lilimchoma kuliko kicheko. Lakini mpiga video wa jubilei alikuwa amekwisha kulipwa malipo ya awali, na kazi haikurudi kwa Clavery. Maharusi wa Muleba nao hawakurudi. Ma Alistidia alisafiri mwenyewe mpaka Bukoba na mkungu wa ndizi kumwomba radhi, na Clavery alimpokea vizuri, akamketisha, akamsikiliza akisimulia harusi ile ile ambayo kijana mwenyewe ndiye aliyeipiga video. Ildefons, aliyekuwa amembebea mkungu, alikaribishwa kwa neno moja tu, akabaki amesimama karibu na mlango.

Video ya jubilei ninayo, diski ya kawaida. Kamera inapopita juu ya waumini, watu wote wanainua nyuso, wengine wanatabasamu, watoto wanapunga mikono. Katika safu ya nne kuna mwanamume mmoja mwenye koti la kijivu alilolishona mwenyewe. Yeye ameinamisha kichwa, na hakiinui mpaka kamera inapokwisha kupita.