Magurudumu ya Mkokoteni Wangu

Rafiki yangu, sogea hapa nikuambie, maana wewe huna tabia ya kumtetea mtu kabla mwenzako hajamaliza. Wengine nikiwaambia habari hii wanacheka. Wanasema, lakini mama, gari lile lilipendeza. Sijakataa. Lilipendeza kwa magurudumu yangu, na hapo ndipo hasira yangu ilipo mpaka leo.

Mkokoteni ule ulikuwa wangu. Sisemi wetu, nasema wangu. Nililima shamba langu la pamba misimu miwili, mgongo ukiniuma, kisha nikaenda Maswa na kaka yangu tukanunua ekseli ya pikapu iliyokufa, pamoja na ringi zake mbili na tairi zake pana. Seremala wa pale kanisani kwetu akanipigia bodi ya mbao. Kutoka siku ile sikubeba tena ndoo kichwani. Mkokoteni ulileta maji, kuni, mahindi. Jirani akishikwa na uchungu, walikuja kuuomba kwangu, na nilikuwa nawaambia wapeleke tu, ng'ombe wamefungwa pale. Asubuhi nikitoka nje nilikuwa naugusa ule ubao kwanza, nasema asante Bwana, ndipo naenda kukamua.

Sasa gari. Mume wangu alikuwa dereva wa mzungu mmoja, injinia wa kiwanda cha kuchambua pamba. Mambo ya kiwanda yalipobadilika mzungu akafunga mizigo, na siku ya kuondoka akamwachia mume wangu gari lake la zamani la spoti. Milango miwili, rangi nyekundu iliyofifia, pua ndefu. Gari la kukimbia kwenye lami, likaletwa kwetu upande wa Sapiwi ambako lami tulikuwa tunaisikia tu. Lilikuwa chini mpaka watoto wakaliita kenge. Likipita kwenye tuta la viazi linakwama tumbo. Basi likakaa chini ya banda la nyasi karibu na zizi, miaka minne, mume wangu analifuta vumbi kila Jumamosi kama mtu anayemwogesha mtoto.

Ukaja ule msimu ambao wanunuzi binafsi waliingia. Zamani pamba yote ilikwenda ushirika, unapenda hupendi. Sasa ikawa ruksa. Malori mageni, mizani mipya, vijana wenye miwani ya jua wanashuka na mifuko. Mnunuzi mmoja akaweka kituo mwendo wa saa mbili kutoka kwetu kwa ng'ombe, akatangaza kwamba anafunga Jumamosi ile ya mwisho wa mwezi, lori linaondoka, ambaye hajaleta basi. Tena akasema anatafuta wakala wa kuzunguka vijijini, mtu mwenye usafiri wake. Mume wangu aliposikia neno usafiri hakulala.

Na mimi nilikuwa na langu. Binti yetu wa kwanza alikuwa kidato cha pili, amerudishwa nyumbani kwa sababu ya ada. Shule zikifunguliwa aende na ada au abaki. Pamba yangu ilikuwa imejaa chumba cha kulala mpaka kwenye paa, nyeupe, nimeichambua mwenyewe, jani moja huoni. Pamba safi ile. Pamba ile ndiyo ilikuwa shule ya yule mtoto. Na njia ya kuifikisha kituoni ilikuwa mkokoteni.

Jumatatu mume wangu akaja na fundi kutoka Bariadi mjini, mtu wa gereji. Wakalizunguka kenge, wakachuchumaa, wakanong'ona. Tairi zake ndogo za nyuma zilikuwa zimeisha, na saizi ile haikupatikana hata Mwanza. Kisha nikaona fundi anauangalia mkokoteni wangu. Akachukua kijiti, akapima tairi langu, akaenda kupima penye gurudumu la gari. Akaweka vidole chini ya madigadi, lile bati linalofunika tairi.

"Vidole viwili vitabaki," akamwambia mume wangu. "Inatosha. Tairi pana, gari linainuka nyuma, mbuga yote hii unaipita."

Nikauliza, tairi gani hilo mnalopima. Mume wangu akasema ni mazungumzo tu, mama watoto, usiwe na haraka.

Sasa nisikilize hapa. Mimi darasa la saba nililipata ukubwani, shule ya jioni, saa kumi na moja baada ya shamba, tunakaa kwenye madawati ya watoto magoti yanagonga. Mwalimu alitufundisha kupima, na mtu aliyejifunza kupima akiwa na miaka thelathini na tano hapimi kwa mzaha. Nilikwenda pale kwenye gari nikapima mimi. Likiwa tupu, kutoka juu ya tairi dogo mpaka madigadi, vidole sita. Nikamwita mama mkwe akae ndani, nikapakia watoto watatu, nikaweka na gunia la mahindi. Nikapima tena. Vidole viwili. Yaani gari linashuka vidole vinne watu wakikaa.

Nikawaambia. Mmepima gari tupu. Mkifunga tairi langu vinabaki viwili, watu wakipanda gari linataka kushuka vinne, viwili vingine vinatoka wapi? Bodi italikalia tairi.

Unajua kosa lao? Walipima kama mkokoteni. Sisi huku wote tumefunga mikokoteni, kila mwanamume anajua kwamba kati ya tairi na ubao ukiacha vidole viwili umemaliza kazi. Ni kweli. Mkokoteni hauna springi. Upakie pamba, upakie mawe, ubao uko pale pale. Ila gari lina springi, na lile la mbio springi zake zilikuwa laini kama godoro. Na fundi alijua springi ni nini, kazi yake ni hiyo. Ila alikuwa anamsikiliza mume wangu, na mume wangu alikuwa anaangalia vidole viwili.

Fundi akacheka. "Mama, ufundi umesomea wapi?"

"Nimesoma shule ya jioni."

"Ndiyo maana. Jioni macho hayaoni vizuri."

Wakacheka wote wawili, na mume wangu alicheka zaidi. Nikawaambia nimekataa, magurudumu yangu yasiguswe mpaka pamba ifike. Nilisema mara moja, kwa sauti ya kawaida, mbele ya mama mkwe. Nikafikiri nimesikika.

Jumatano nilikwenda kwenye maombi ya akina mama. Tuliomba sana siku ile, niliwaombea hata hao wanunuzi. Narudi, naona gari halipo bandani na mkokoteni umekaa juu ya mawe. Ekseli inaning'inia pande mbili, haina kitu. Mama mkwe amekaa pale pale pembeni anakata viazi vya michembe, anavianika kwenye jabali, hata kisu hakusimamisha.

Nikamsalimia kwanza, maana ni mama. Kisha nikamuuliza. Akaniita mama kwa kilugha, akasema, "Mayu, nilidhani mmekubaliana. Mwanamke anakubali baadaye."

Niliingia ndani, nikakaa juu ya pamba, nikasema Bwana nishike mdomo.

Alhamisi asubuhi nikatembea mpaka mjini kwa mguu. Pale gereji nikakuta magurudumu yangu yamefungwa nyuma ya kenge. Ringi zangu zina matundu matano, gari lina bolti nne, kwa hiyo fundi alikuwa amechomelea bamba la chuma katikati, na lile bamba lilisukuma tairi nje zaidi, likachomoza kwenye madigadi kama goti la mtu. Ili lisiguse, alikuwa ameshakata ukingo wa madigadi kwa tindo na msumeno. Ule ukingo uliokuwa umekunjwa vizuri kiwandani sasa ulikuwa bati tupu, mkali. Nilipitisha kidole, ukanichana.

Nikamwonyesha fundi damu. Nikamwambia, hili likishuka juu ya tairi ni kisu. Akasema atalipiga tupa. Hakulipiga. Mume wangu akaniambia nisimwaibishe mbele ya watu, kwamba kesho anampeleka karani wa mnunuzi kuzunguka vijiji, siku moja tu, na kesho jioni magurudumu yanarudi, Jumamosi alfajiri napakia pamba yangu, kuna tatizo gani. Alisema "siku moja tu" mara tatu. Na wale waliokuwa pale wakaanza kunibembeleza, mama mwache mzee apate kazi, gari limependeza, angalia. Kweli lilisimama vizuri, kiuno juu, kama dume linalotaka kupigana. Nililiangalia nikatamani kulitemea mate. Mungu anisamehe.

Ijumaa saa tatu wakapita kijijini kwetu. Mume wangu amevaa shati la Krismasi. Karani wa mnunuzi amekaa mbele, na fundi amejibana nyuma na wenzake wawili kwenye kiti ambacho hata mbuzi angelalamika. Nilikuwa mlangoni. Nikaona jinsi lilivyokaa. Mwanga kati ya tairi na madigadi haukuwepo kabisa. Nikawapungia mkono wasimame. Karani akadhani nasalimia, naye akapunga.

Walifika kwenye korongo, si mbali. Njia inashuka pale, inapinda, halafu inapanda. Gari lilipozama kwenye shimo la kwanza bati likaingia kwenye tairi la kushoto likalichana ubavu mzima, kutoka huku mpaka huku, kama mtu anapasua papai. La kulia lilikatwa mpaka nyuzi zikaonekana. Watu hawakuumia, namshukuru Mungu kwa hilo na ninalisema kila mara.

Baada ya kuhangaika na gari pale korongoni, mume wangu alirudi kwa mguu saa nane mchana. Shati la Krismasi limejaa vumbi. Akakaa kwenye kigoda, akaomba maji, nikampa. Akanywa. Nikangoja neno.

Akasema, "Lakini kwenye mbuga lilipita vizuri."

Ndilo neno alilosema. Nimeolewa naye miaka ishirini, nimemzalia watoto sita.

"Baba watoto," nikamwambia, "nenda kamwambie binti yako hivyo. Mwambie lilipita vizuri."

Hakwenda. Binti alikuwa jikoni anasikia kila kitu.

Jumamosi kabla jua halijatoka nikakata mti wenye panda. Wazee walikuwa wanavuta mizigo hivyo kabla ya magurudumu. Unafunga ng'ombe mbele ya shina, unatandika fito juu ya ile panda, unapanga mzigo, na unakwenda unaburuta ardhini. Ningekodi wapi? Ningeazima kwa nani? Majirani wote mikokoteni yao ilikuwa njiani na pamba zao, siku ya mwisho ile. Binti akashika kamba ya ng'ombe, mimi nikawa nyuma nasukuma. Safari ya kwanza, ya pili, ya tatu. Vumbi lile la Julai unalijua. Mifuko ya chini ilichanika kwenye visiki, pamba ikatoka, tukaokota, ikarudi ndani na mchanga na majani makavu. Nilikuwa naokota nalia, na sikuwa nalia kwa huzuni.

Safari ya mwisho tulifika mizani inataka kufungwa. Aliyekuwa anapima ni karani yule yule aliyenipungia mkono. Akaingiza mkono ndani ya mfuko, akatoa pamba, akaipukuta, mchanga ukamwagika kwenye kiatu chake.

"Mama, hii ni fifi."

Nikamwambia ilikuwa safi jana. Unajua ilikuwa safi, na unajua kwa nini leo si safi, ulikuwa umekaa juu ya magurudumu yangu.

Akaangalia pembeni. Akasema yeye ananunua anachokiona. Akaandika fifi, daraja la pamba chafu, mifuko yote, hata ile ya juu ambayo haikugusa chini. Bei ya fifi haikufika ada. Shule zikafunguliwa, binti akabaki nyumbani mpaka Januari, akarudia kidato cha pili na wadogo zake kwa umri. Alimaliza, namshukuru Mungu. Lakini mwaka ule hakuna aliyemrudishia.

Mume wangu hakupata uwakala. Mzee wa kanisa alikuja kunishauri nisamehe. Nikamwambia nasamehe kila siku asubuhi, mzee, ninaposali. Kisha natoka nje naona ekseli juu ya mawe, inabidi nianze upya. Akauliza mume wangu ameomba msamaha? Nikamwambia muulize. Alimfuata zizini, wakaongea habari za ng'ombe.

Mkokoteni ulikaa pale juu ya mawe mwaka mzima, mpaka nilipovuna tena nikanunua tairi nyingine. Ringi nilizichukua mwenyewe kwenye gari, kwa spana, mchana watu wanaona, nikayagonga yale mabamba yakadondoka. Kenge waliliburuta mpaka nyumbani, liko chini ya banda lake bila miguu ya nyuma, kuku wanataga kwenye kiti cha karani. Spana ya nati naiweka ndani ya sanduku langu, chini ya Biblia, na ufunguo wa sanduku naulalia.

Sasa nakuomba, usikae na habari hii peke yako. Ukikutana na mama yeyote mwenye mkokoteni, au cherehani, au kitu chochote alichokipata kwa mgongo wake, msimulie. Msimulie na binti yako wakati mnachambua pamba. Na kama kuna mwanaume anasikiliza mlangoni, usishushe sauti.