Makiwa kwa Mwingereza

"Huyu Mngereza wako akishatunga, nani humjibu?"

Bibi aliniuliza hivyo kibarazani kwake Mishomoroni, baada ya swala ya alasiri, mguu wenye kidonda ameunyoosha juu ya mkeka. Nilikuwa nimerudi nyumbani kuandika tasnifu ya shahada ya pili juu ya maisha na kazi za mshairi Mwingereza aliyekuwa hai bado, na nilidhani namjua. Nilijua mji wa viwanda alikozaliwa, na basi alilokuwa akiendesha baba yake. Nilijua alifundisha sekondari miaka mingi kabla ya kutoa kitabu cha kwanza, na kwamba kitabu chake cha nne, chembamba kuliko vyote, kilimhusu binti yake aliyefariki akiwa na miaka kumi na saba. Nikamwambia Bibi kwamba wahakiki huandika magazetini. Akatikisa kichwa. Hao wanamjadili, alisema, hawamjibu.

Bibi mwenyewe alikuwa mtunzi. Hakuwahi kutoa kitabu. Alitunga kwa ajili ya maharusi, wagonjwa na mahujaji, na kwa miaka mingi alijibizana na watunzi wenzake redioni. Kwao, shairi hutumwa kwa mtu, na yule mtu hulijibu kwa vina na mizani ile ile. Ukinyamaza, umemwambia mwenzako kwamba hakusema kitu, au amesema la kuudhi.

Mimi siku hizo nilikuwa nahoji kila kitu: madaktari, masharifu, hata sababu za watu kunisalimia. Nikamweleza kwamba sauti iliyo ndani ya shairi si ya mwandishi. Yule "mimi" ni mtu wa kubuni, na pengine hata binti hakufa jinsi tunavyosimuliwa. Hiyo ndiyo ilikuwa hoja ya sura yangu ya pili. Bibi akasema hayo ni maneno makubwa, ebu kwanza nimsomee.

Nilimfasiria shairi moja. Baba anaingia chumbani kwa binti yake kila mwezi, anageuza godoro ili lisiharibike upande mmoja, anatandika upya, anatoka.

Bibi alinigeukia. "Yaani umeingia kwa mtu aliyefiwa," alisema, "umemchungulia mpaka kitanda cha mwanawe, kisha ukatoka bila kumpa makiwa?"

"Bibi, ni kitabu."

"Ni mtu. Lete kalamu."

Sukari ilikuwa imemla macho, kwa hiyo yeye alitunga na mimi nikaandika. Ilituchukua siku nne kupata beti sita. Ubeti wa kwanza naujua kwa moyo mpaka leo, nao ulianza hivi:

*Makiwa ndugu makiwa, nakutumia kwa mbali,*
*Nami nilinyang'anyiwa, wangu mwana wa awali.*

Mwana huyo ni mama yangu. Alikufa nikiwa na miaka miwili, na maisha yangu yote niliambiwa ni homa. Katika ubeti wa nne Bibi alisema kwamba mama alikuwa na mimba ya pili, kwamba damu ilimwanza nyumbani kwa mumewe Likoni, na kwamba alikata roho ndani ya gari kabla hawajavuka kwa feri, kichwa chake kikiwa juu ya mapaja ya Bibi. Kalamu ikanisimama.

"Usisimame," aliniambia, "vina vitanipotea."

Niliahidi kulifasiri shairi hilo na kulituma kwa wachapishaji wa yule Mwingereza. Nilijaribu. Kwa Kiingereza vina vilianguka vyote, akabaki mwanamke mzee anayempa pole mtu asiyemjua. Niliwawazia makarani wa ofisi hiyo wakisomeana na kucheka. Niliwaza pia juu ya sura yangu ya pili, iliyoshikilia kwamba nyuma ya shairi hakuna mtu wa kupewa pole. Lakini sababu ya kweli ilikuwa nyingine. Sikutaka mwanamume wa Uingereza ajue jinsi mama yangu alivyokufa, wiki moja tu baada ya mimi mwenyewe kujua.

Nikamwambia Bibi nimetuma.

Jibu halikuja, na mwanzoni alikuwa akilifanyia mzaha jambo hilo. Jirani yake muuza mahamri akipita, humuuliza yule Mngereza wetu amesemaje. "Vina vinamtesa, maskini," Bibi humjibu. Siku moja jirani akasema, "Au ameona mizani yako imezidi, anakuonea haya." Wakacheka mpaka Bibi akashika ubavu.

Baada ya miezi kadhaa mzaha ulikwisha. Akawa ananitaka nimsomee ubeti wa nne tena na tena, akisikiliza kama fundi anayetafuta bomba linalovuja. Hapa je, pamemkwaza? Huenda kwao mtu hatajiwi damu.

Kisha wakaja watu kutoka Kiembeni kuomba shairi la harusi ya binti yao. Bibi aliwakaribisha vizuri, akaulizia wazee wao mmoja mmoja, halafu akawaambia hatungi tena.

"Nilimpa mtu makiwa akaninyamazia," alisema. "Wallahi, katika umri wangu wote sijapata. Basi nilimkera mfiwa. Ulimi uliofanya hivyo haufai kwa arusi."

Nilikuwa nimekaa pale pale, nawamiminia chai. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilichosema ni kwamba Waingereza ndivyo walivyo, baridi, asijali.

Mguu ulikatwa kabla ya Ramadhani. Idi hakuifikia. Hakutunga hata mstari mmoja zaidi, na wanawake waliokuja matangani walinong'ona kwamba kilichomuua ni sukari. Sikubisha. Sura yangu ya pili ilisifiwa na watahini.

Mshairi yule alifariki miaka mitano baada ya Bibi. Nilisoma tanzia yake kwenye simu, nikiwa mapumzikoni kazini. Iliandikwa na dadake. Alisema kwamba kakake hakutunga shairi lolote baada ya kile kitabu cha binti yake, kwa sababu muda wake wote ulikwenda kwa wafiwa waliokuwa wakimwandikia, wengine kwa lugha asizozijua, naye alitafuta wa kumfasiria, akamjibu kila mmoja kwa mkono wake.