Siku Nilikatiza Pastor Maombi Juu ya Pampu ya Samaki

Wacha niwaambie mimi mwenyewe, kwa sababu Bungoma hii stori imefika kila kinyozi na kila mtu anaongeza chumvi yake, na chumvi siku hiyo ilikuwa imeshazidi. Ndiyo, ni mimi nilipigia pastor kelele katikati ya maombi. Ndiyo, alikalia maji. Lakini si mtu asikie yote kwanza?

Beshte yangu anaitwa Wekesa. Tumekua na yeye Kibomet, hapa Kitale, na kufuga samaki wa maji ya chumvi (wale wa rangi rangi, si wa kukaanga) tulijifunza kwa simu tu, tukiangalia video za watu wenye bahari iko nyuma ya nyumba, na sisi nyuma ya nyumba ni mahindi. Watu walitucheka mpaka wakachoka. Wekesa hakujali, yeye ni mpole, hasira yake yote nafikiri Mungu alinipea mimi nibebe. Akajenga tanki ya kwanza kwa sebule ya mamake, samaki zikaishi, na Mama Rupal, yule Mhindi anauza kapeti na mapazia, akasikia. Akamwambia atengeneze moja kubwa kwa duka yake mpya ya Bungoma. Siku ya kufungua ikienda vizuri, Wekesa anapata kazi ya kuangalia hiyo na ingine ya duka ya Kitale, kazi ya mwezi kwa mwezi bana. Ikienda vibaya, anarudi kubeba mawe kwa mjengo.

Sasa, hiyo tanki iko hivi. Juu kuna kioo kubwa yenye watu wanaona. Chini, ndani ya kabati, kuna tanki ingine ndogo, maji inashuka huko inasafishwa, halafu pampu inairudisha juu na paipu, inazunguka hivyo siku nzima. Lakini ukitaka kulisha samaki unazima pampu, la sivyo maji inabeba chakula yote inapeleka chini na samaki inabaki ikiangalia tu. Na ukizima, maji kiasi ya juu inateremka yenyewe. Ndiyo maana ile ya chini unaiacha nusu, hiyo maji ikishuka ipate pahali pa kukaa. Wekesa alikuwa amechora mstari mwekundu kwa hiyo ya chini.

"Hapa usipitishe," aliniambia. "Hata kama ni nini."

Asubuhi ya kufungua, Wekesa ameenda kubadilisha shati, mimi nimebaki napangusa kioo, anaingia Mzee Barasa. Huyu ni fundi wa mapazia wa hiyo duka, na hiyo kazi alitaka ipewe mpwa wake. Akainama, akafungua kabati.

"Hii mbona iko nusu?"

"Inakaa hivyo, mzee."

"Inakaa hivyo ama mmekula pesa Mama alitoa ya kununua chumvi ya maji? Huyo Wekesa wenu ni mwizi wa pole pole. Wacha Mama aje nimwonyeshe."

Mimi ukinitukana tutaongea. Wekesa ukimtukana, hatuongei. Nikaenda nyuma kwenye ndoo za maji ya chumvi tulikuwa tumebeba kutoka Kitale, nikamwaga moja, nikamwaga ingine, mpaka ile tanki ya chini ikajaa ikafika mdomo.

"Haya, tuonyeshe wizi sasa."

Akafunga kabati akaenda zake, na mimi nikajisikia kama wakili ametoka kortini. Nikajiambia nitapunguza baadaye. Baadaye gani? Wageni walikuwa mlangoni.

Mama Rupal alikuwa amemaliza maombi yake ya Kihindi, ya kuchoma ubani na kupasua nazi, mapema, lakini hapa kwetu hata kibanda ya mboga haifunguliwi bila pastor, kwa hivyo pastor pia alikuwa, na koti ya kijivu, na wamama wa chama ya akiba na viatu za harusi, na kapeti mpya zimekunjwa zimesimama kwa ukuta kama wageni wa heshima. Wekesa akapanda stuli na kopo ya chakula. Akanipungia mkono. Nikabonyeza swichi, pampu ikanyamaza, na Mama Rupal akasema, "Ngoja kwanza, pastor aombe."

Pastor akasogea, akaweka mkono moja kwa kioo, mgongo wake ukaziba swichi ya ukutani kabisa. Watu wakafunga macho.

Alianza na mbingu na nchi. Akaja kwa serikali. Alipofika kwa mvua ya wakulima nikasikia kitu kwa kabati, tip, tip, tip, na hapo ndipo nikakumbuka ndoo zangu. Nikafungua jicho moja. Maji ilikuwa imetoka chini ya mlango wa kabati inatembea pole pole kwa sakafu ya tailizi, haina haraka, inaenda moja kwa moja kwa kapeti.

"Mwaga baraka, Baba!" pastor akasema. "Mwaga hapa chini! Mtu asikanyage pakavu!"

Sasa ningefanya nini? Nilimnong'onezea Wekesa, yeye macho imefungwa kwa imani. Nikaona dawa ni kumaliza maombi. Nikasema kwa nguvu, "AMEN!"

"AMEN!" watu wakajibu, na pastor akafikiri nimeguswa na Roho, akapata moto, akaanza upya na familia ya Mama Rupal, mmoja mmoja.

Mama mmoja akasema, "Woi, viatu yangu," lakini hakufungua macho.

"Pastor, si useme amen BANA!"

Hiyo ilisikika mpaka stendi. Macho yote ikafunguka. Mimi nikarukia swichi, tailizi ikanitelezesha, nikashika kitu ya kwanza nikaipata, na ilikuwa koti ya kijivu. Pastor akakaa chini. Maji ikapiga chwaa! Lakini swichi niliifikia, na pampu ikaanza kunguruma ikirudisha maji juu.

"Si nilisema hawa vijana hawajui kazi?" Mzee Barasa akaanza.

Wekesa akashuka kwa stuli, uso umekuwa kama majivu. "Mama, ni makosa yangu. Sikuangalia vizuri."

"Wewe nyamaza!" nikamwambia. "Ni mimi nilijaza!"

"Ni tanki yangu!"

"Ni ndoo zangu!"

Tunagombana nani alaumiwe, na pastor bado yuko chini. Mama Rupal akapita katikati yetu, akainama, akaangalia ule mstari.

"Nani alipita hapa?"

"Mimi, Mama."

"Kwa nini?"

"Huyu mzee alisema Wekesa ni mwizi."

Akainuka akanigeukia. "Kwa hivyo yeye alitukana, na wewe ukajibu kapeti zangu."

Nikaenda kutafuta tambara.

Wekesa alipata kazi, duka zote mbili, kwa sababu samaki zilikula kama hakuna kitu imetokea na Mama aliona mstari wake ulikuwa sawa. Lakini alimpea sharti moja: wakati wa kulisha, mimi nisiwe ndani. Kwa hivyo nikimsindikiza nasimama kwa veranda, naangalia kupitia dirisha Wekesa akizima pampu, na wapita njia wananisalimia, "Niaje, Amen!" Kapeti niliosha mimi, na pastor nilimnunulia koti, hiyo tuache.

Nimeapa hivi: mtu akimtukana rafiki yangu tena, nitamjibu na mdomo peke yake, mikono nikiwa nimeiweka mfukoni. Mdomo yangu nayo ni kubwa ya kutosha, na ikimwagika hakuna mtu anaitwa kuja na tambara.