Kikombe cha Zamzam Ndani ya Rejeta

Siku gari lilipofika nyumbani kwetu Utange, mke wangu alitoka na kikombe cha kahawa. Nilidhani ameniletea kahawa. Kumbe ni maji ya zamzam, aliyoyamimina kutoka chupa aliyorudi nayo Hija na kuiweka kabatini pamoja na sanda yake.

"Mtilie naye," aliniambia. "Ni mgeni, apate baraka."

Nikafungua kifuniko cha rejeta, nikasema bismillahi, nikamimina yote.

Gari lenyewe halikuwa jipya. Lilitoka ng'ambo likiwa limeshatumika, nikalinunua katika yadi moja Changamwe kwa kiinua mgongo nilichopewa nilipostaafu ualimu wa dini. Sikulitaka kwa fahari. Dada wa pekee wa mke wangu ni mgonjwa, amelala kitandani Likoni, na magoti ya mke wangu hayawezi tena kupanda na kushuka magari mawili na feri. Niliahidi kumpeleka kila Alhamisi, amchane dada yake nywele, wasomeane, wacheke mambo yao ya utotoni. Yadi walinipa waranti ya miezi sita, karatasi nne. Nimesoma vitabu vya fiqhi vyenye maandishi madogo kuliko yale, lakini zile karatasi nilizitia saini bila kuzisoma.

Alhamisi ya tano, tukishuka feri upande wa Likoni, gari lilifika katikati ya mlima wa kutokea kivukoni likatoa moshi mweupe, likazima.

"Mzee, pilau limeiva!" akapiga kelele mtu wa mkokoteni.

"Epua, lisiungue!" akadakia mwingine, huku wote wawili wakisukuma kwa nguvu zao zote. Mungu awalipe. Mke wangu alikuwa ndani, ameshika mlango, akivuta istighfari.

Gari lilivutwa hadi Changamwe. Msimamizi wa mambo ya waranti alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, mtu wa bara, mwenye adabu. Aliniamkia, akanipa kiti, akachukua kalamu.

"Mzee, tangu ulichukue gari, kuna chochote kilichotiwa kwenye rejeta zaidi ya yale maji yetu ya kijani ya kupozea injini?"

"Kipo. Maji ya zamzam. Kikombe kimoja cha kahawa."

Kalamu ikasimama. "Hiyo ni dawa?"

Fundi wa yadi, mtu mzima mwenye mafuta hadi viwikoni, akajibu kutoka mlangoni. "Si dawa, mama. Ni maji ya Makka."

"Ya kampuni gani?"

Fundi akatazama dari.

Baadaye alinichukua nje akanionyesha injini iliyofunguliwa. "Maalim, wallahi kikombe kile hakina kosa. Tazama hapa." Palikuwa na kovu, mahali palipopasuka zamani, pakachomelewa, kisha pakapakwa rangi. Hapo ndipo maji yalipopenya.

Nilirudi ndani na fundi nyuma yangu, nikiwa na furaha, nikidhani jambo limekwisha. Yule mama akanisikiliza hadi mwisho, kisha akanisomea polepole. Kovu lilikuwapo siku nilipotia saini kwamba nimelikagua gari nikaridhika. Waranti hubeba kinachoharibika baadaye tu. Na kitu pekee kilichotokea baadaye, kwa maandishi, ni yale maji yangu.

Nikamwomba arudie. Akarudia. Kosa likiwa la zamani, mimi nimelikubali. Likiwa jipya, mimi nimelifanya.

"Basi hii waranti yangu imeishi muda gani, mwanangu?"

Akapitisha kidole kwenye karatasi. "Ukitia kitu kingine, inakufa palepale. Ulitia lini?"

"Siku ileile, kabla ya alasiri."

"Ulitia saini saa saba mchana. Basi... imeishi kama saa mbili, mzee."

Tukacheka wote watatu. Sijui hasa tulichokuwa tukicheka.

Fundi alipotoka, yule mama aliinama akasema kwa sauti ya chini, "Nikupe fomu nyingine. Andika hukutia kitu, na la kovu mimi sitaliandika. Ungesema hapana tangu mwanzo, ungekuwa umeshapata injini."

"Lakini nilitia."

"Najua. Kwa nini uliniambia?"

"Uliniuliza, mwanangu."

Akavua miwani, akaifuta muda mrefu, kisha akanipa barua ya kukataa. Chini yake palikuwa na neno moja la sababu: maji.

Neno lile ndilo lililonifunga ulimi. Mgeni wa bara nilimweleza kila kitu bila kusita, lakini mke wangu, ambaye kikombe kilikuwa chake, nilimwambia, "Bado wanatazama." Alhamisi ya kwanza, bado wanatazama. Ya pili, vilevile. Dada yake akipiga simu kuuliza, "Mwaja lini?" mimi natoka kwenda uani.

Alhamisi ya tatu aliitoa barua mfukoni mwa kanzu yangu alipotaka kuifua. Binti yetu akamsomea yale maandishi madogo. Nilipotoka msikitini nilimkuta amekaa, karatasi mapajani.

"Ni kikombe changu?"

"Ndivyo wasemavyo wao. Fundi asema ni kovu la zamani."

"Na wewe wasemaje?"

"Mimi sijui. Wallahi sijui."

Akaikunja barua. "Watu wa yadi huwadanganyi. Mimi ndiye wa kudanganywa? Na dada yangu angoja."

Nilikuwa nikimwonea huruma, nami nikamnyima dada yake wiki tatu.

Akainuka kwa kushika ukuta, akaenda kabatini, akatia ile chupa mkobani. "Ita tuktuk. Nikichoka nitakaa."

Alikaa mara nyingi. Alikaa kibandani tukingojea feri, akakaa ndani ya feri baada ya mwanamke mmoja kumpisha. Tulipofika katikati ya ule mlima akasimama, mkono begani kwangu, akihema.

"Ni hapa?"

"Ni hapa."

Akapatazama. "Labda tulitia kidogo mno," akasema, na nikaona anacheka. Alhamdulillahi, nilishukuru kwa kicheko kile kuliko ambavyo ningeshukuru kwa injini.

Dada yake alikuwa amegeukia mlangoni tangu asubuhi. Kabla ya salamu kwisha akauliza gari liko wapi, na mke wangu akanitazama nijibu mimi. Nikamweleza yote, tangu kikombe hadi barua, bila kuficha hata zile Alhamisi. Alisikiliza amefumba macho.

"Sasa shemeji," akasema, "kosa ni la nani?"

Nikamtazama mke wangu, naye alikuwa ameshaifungua chupa.

"Kunywa kwanza," mke wangu akamwambia, akimsogezea zamzam katika kifuniko cha chupa.