Mashine ya Upepo Nyuma ya Kitanda Changu

Mpaka leo mtu akiniambia mashine fulani haina kelele, namwuliza: kwa masikio ya nani? Mimi nilikuwa nalala, au najaribu kulala, ukuta mmoja tu kutoka karakana ya mume wangu, pale Homa Bay, miaka ya mwanzo baada ya uhuru. Nilikuwa mkunga wa zamu ya usiku. Nilirudi nyumbani asubuhi watu wakipeleka ng'ombe kunywa maji ziwani, nikanawa miguu, nikaanguka kitandani. Wakati huo huo ndipo mume wangu alipoanza kazi.

Alikuwa fundi wa kupaka rangi vitanda vya chuma, masanduku ya bati ya wanafunzi na fremu za baiskeli. Karakana yenyewe ilikuwa kibanda alichokiegemeza kwenye ukuta wa chumba chetu, kwa sababu kodi ya chumba sokoni hatukuiweza. Alipaka kwa brashi, na brashi haikunisumbua. Lakini baiskeli zilizopigwa rangi kwa upepo zilianza kuingia mjini kutoka Kisumu, nyororo kama yai, na wateja wakawa wanapitisha kidole juu ya kazi yake wakimwonyesha mistari ya brashi. Bila kompresa, mashine ya kusukuma upepo, angekosa kazi. Na kompresa nyuma ya kitanda changu ingenikosesha kazi mimi. Metroni alikuwa ameshanikuta wodini nimesinzia nikiwa wima, beseni mkononi, akaniambia akinikuta tena hivyo ataniondoa. Nilikasirika, lakini hakukosea. Mtu anayesinzia hakabidhiwi mtoto wa mtu.

Tukakubaliana tutafute mashine ya bei ya watu kama sisi, isiyo na kelele. Ungedhani nimeomba mbingu.

Shida ya kwanza ilikuwa mume wangu mwenyewe. Kabla hatujaoana alifanya kazi machimboni, upande wa Migori, akitoboa mwamba kwa mashine za upepo. Walimrudisha nyumbani na masikio yaliyokufa nusu, na hakuna aliyemwambia hata pole. Jambo hilo linanichoma mpaka leo. Kwa hiyo kelele aliipima kwa mkono: aliweka kiganja juu ya tangi, na likitetemeka kidogo tu, basi kwake mashine ilikuwa kimya.

Siku moja akaleta ya kujaribu, ya mtu wa Karungu. "Haina kelele hata kidogo!" akaniambia kwa sauti iliyofika hospitalini. Akaiwasha. Vikombe vilitembea mezani, kuku wakahamia kwa jirani. Nilitoka nje na leso kifuani.

"Irudishe."

"Irudi wapi?"

"Ilikotoka!"

Wanaume wa jirani wakapata la kusema. Eti tangu lini mwanamume akaomba ruhusa kwa mkewe kuwasha mashine nyumbani kwake? Eti nimemkalia. Wanaume hao hao, wake zao wakishikwa na uchungu usiku wa manane, walijua vizuri sana pa kunitafuta. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza mkunga hulala saa ngapi.

Nikasema nitachagua mwenyewe, kwa masikio yangu. Siku yangu ya mapumziko ilipofika tulipanda basi kwenda Migori asubuhi ile ile, mimi nikiwa nimetoka zamu bila kupitia kitandani. Kulikuwa na duka la mfanyabiashara Mwislamu aliyetoka pwani, aliyeuza pampu na injini, mpya na zilizotumika. Mtu yule alimsalimia mume wangu, akamweleza mume wangu, akamwuliza mume wangu anataka nguvu kiasi gani. Mimi nilikuwa kama kikapu alichobeba. Mume wangu alikuwa hasikii nusu ya maneno, anaitikia kwa kichwa.

Akawasha mashine ya kwanza nje, mlangoni. Jirani yake ni kinu cha kusaga unga, kinanguruma tangu asubuhi.

"Sikiliza, mzee. Kimya kabisa."

"Bila shaka kimya," nikasema. "Hapa hata dunia ikiisha hatutasikia."

Ndipo aliponitazama. Nikamwonyesha nyingine, iliyosukumwa pembeni. Ya kwanza ilikuwa ndogo, injini imeshikamana na pampu, inazunguka upesi na kulia kama mtoto mwenye kiungulia. Hii ya pembeni ilikuwa kuukuu, rangi imekwisha, lakini ilikuwa na gurudumu kubwa linalozungushwa na mkanda, na tangi pana. Kinachozunguka polepole hakina sababu ya kupiga makelele. Tena ubovu wa sura yake ungeshusha bei. Nikamwambia aipeleke nyuma ya ukuta wa ghala, mimi nilale upande wa ndani.

"Ulale, mama?"

"Nilale. Naitafutia nini kingine?"

Nikajinyoosha juu ya magunia. Watu walijaa mlangoni. "Yawa! Jamani!" mmoja akapiga kelele. "Mama anajaribu mashine kama godoro!" Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Niliwageuzia mgongo, nikasema kwa sauti, "Washa!" Nikasikia kamba ikivutwa. Nikasikia tug, tug, tug.

Nilipofungua macho, jua lilikuwa limehamia dirisha la upande wa pili. Palikuwa kimya kabisa. Koti la mume wangu lilikuwa miguuni pangu. Nilitoka pale kifua mbele, nikawatangazia wote, "Ni hii! Sikusikia kitu. Ningelala mpaka kesho." Mume wangu alifungua mdomo, akaufunga. Mwenye duka alitazama sakafu. Nikaikosoa mashine ile kutu kwa kutu mpaka akashusha bei, na alishusha bila kupigana sana. Hapo ndipo ningepaswa kujiuliza.

Asubuhi ya kwanza nyumbani, ukuta ulitetemeka. Haikuwa kama ile ya Karungu, lakini haikuwa mashine ya kulalia. Nilimkuta mume wangu kiganja juu ya tangi, anatabasamu. "Kidogo tu," akasema. Nikajua nimeibiwa. Lazima yule mwenye duka alikuwa ametubadilishia injini tulipokuwa tukiita vijana wa kuipandisha juu ya basi. Wiki ile nilikaa wodini nikijifinya mkono nisisinzie, na kila nilipojifinya nilimpangia maneno.

Nikarudi Migori peke yangu. Duka lilikuwa limejaa watu, nikaona ni vizuri zaidi. Nikamwita mwizi. Nikamwambia anadharau wanawake, anadharau viziwi, na kwamba mashine niliyoilalia haikuwa hii aliyotupa. Aliniacha nikamaliza.

"Mama," akasema, "ile uliyoilalia ilikuwa imezimwa."

"Imezimwa na nani?"

"Ulipoanza kukoroma tu, mzee wako alinishika mkono. Akaniambia zima, huyu amekesha na watoto wa watu. Kisha akaenda kwa mwenye kinu akamwomba asimame kidogo. Akina mama waliokuja kusaga mahindi wakakubali kungoja. Akakaa hapo mlangoni, kila anayekuja anamwekea kidole mdomoni. Mimi mchana ule sikuuza kitu mpaka ulipoamka."

"Na wewe ukanyamaza nikikulipa?"

"Bwana wako aliniambia ninyamaze."

Nilipanda basi na matusi yangu mengine yote bado kinywani. Nyumbani nilimkuta anapaka kitanda cha mtu. Nikamshika kidevu anitazame midomo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulishatangaza mbele ya watu kwamba hukusikia kitu. Nikuaibishe? Na mimi niliigusa, ilikuwa kimya."

"Ungeniamsha! Mtu anayejaribu mashine huamshwa!"

Akafikiri, brashi inadondosha rangi mguuni pake. "Sikuwahi kukuona umelala hivyo," akasema.

Nikamwachia kidevu, nikaingia ndani kujiandaa kwa zamu, bado nimekasirika.

Kesho yake alichimba shimo mwisho wa kiwanja, karibu na ua wa minyaa, akaishusha mashine humo, akaelekeza bomba la moshi kwenye mchanga, akanunua mpira mrefu wa kuleta upepo mpaka kibandani. Niliporudi kutoka zamu akaiwasha. Niliisikia, lakini kwa mbali, tug, tug, kama mtu anayetwanga kwa jirani. Na mimi tangu utoto nimelala watu wakitwanga. Nikafumba macho. Kupitia kope nikamwona amekuja dirishani kuchungulia, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine ya kujua. Alisimama pale kidogo, akaondoka kwa kunyata.

Halafu mashine ikazimwa.

Usingizi ukaruka. Nikakimbilia dirishani nikamfokea, "Washa! Nimesema washa!" Hakunisikia. Alikuwa amekwisha kuchukua brashi ili mashine isiniamshe. Nikajifunga leso, nikatoka mpaka shimoni, nikavuta kamba, nikaiwasha mwenyewe, nikarudi kulala.