Benchi la Wazazi

Kaa karibu, wewe unayeanza kazi hii ya ustawi wa jamii, nikueleze kosa nililolifanya kwa miaka mingi bila kujua kuwa ni kosa.

Hapa Bariadi nilikuwa nawasimamia watoto wanaolelewa kwenye makao. Kila mmoja alikuwa na faili, na mimi nilikuwa hodari wa mafaili. Sare, madaftari, ripoti za shule, vyote nilivifuatilia. Shule ikiitisha kikao cha wazazi sikukosa hata kimoja. Nikifika, mwalimu mkuu ananipokea getini na kunipeleka meza kuu, ile yenye kitambaa na chupa za maji. Nilikaa hapo kwa sababu ndipo maafisa wanapokaa.

Mwaka huo kulikuwa na binti wa darasa la saba, aliyetoka vijiji vya ziwani upande wa Kalemela. Alikuwa na akili kali kama wembe. Kwenye kikao cha kwanza walisoma matokeo ya mtihani wa majaribio. Pale shuleni, jina la mtoto likisomwa, mzazi wake huinuka kwenye benchi, huenda naye mbele kuchukua karatasi, na mzazi hutia sahihi. Jina la binti lilisomwa mapema, alikuwa wa tano. Akaenda peke yake. Mimi nikapiga makofi kutoka meza kuu, nikiwa na furaha tele.

Wiki mbili baadaye mama mlezi wa makao akanipigia simu. Binti ameacha kwenda shule. Anasema hatafanya mtihani wa taifa, atakwenda Lamadi kwa shangazi yake kuanika dagaa.

Nikaenda na faili lake. Nikamweleza faida za shule, taratibu, kwa upole. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ahsante, afisa," akaondoka.

Mama mlezi alikuwa jikoni anaosha michembe, vile viazi vilivyokaushwa, kwa ajili ya uji. Hakuinua kichwa.

"Afisa, siku ya kikao ulikaa wapi?"

"Meza kuu."

"Na huyu mtoto alisimama na nani?"

Nikalitazama faili mkononi mwangu.

"Basi wenzake wanamtania darasani. Wanamwambia, mama yako ni faili. Siku ya kikao amefungiwa kabatini."

Nilitamani kucheka, nikashindwa. Nikatoka nje, nikamkuta binti anaanika nguo.

"Kikao kijacho nitakaa kwenye benchi la wazazi," nikamwambia.

"Wakikuita meza kuu?"

"Sitaenda."

"Utaenda tu. Wewe ni afisa."

"Rudi shule, siku ikifika uone mwenyewe."

Akaendelea kubana nguo kwenye kamba. "Nitarudi kuona hilo tu," akasema. "Ukienda meza kuu, mimi Lamadi."

Siku ilipofika mwalimu mkuu alinipokea kama kawaida. Nikamwambia leo nimekuja kama mzazi. Akadhani natania. Nilipokwenda kubanana na wazazi kwenye benchi, akanifuata, ameinama kidogo kwa aibu. "Afisa, jamani, kiti chako kiko mbele. Watu watasema hatujui kupokea wageni."

"Mwalimu, leo mimi si mgeni."

Mama mmoja mkulima wa pamba, mwenye mtoto mgongoni, akanisogezea nafasi. "Mwangaluka, mayu," akanisalimu kwa Kisukuma, akiniita mama. "Leo wamekushusha cheo?"

"Mwangaluka. Wamenipandisha."

Benchi zima likaangua kicheko. Binti alikuwa amesimama mlangoni mwa darasa, ananitazama, hacheki.

Matokeo yakaanza. Jina lake liliposomwa nilisimama kwa pupa, mkoba ukaanguka, kalamu zikatawanyika miguuni mwa watu. Sikuziokota. Nikatembea, na katikati ya uwanja nikasikia hatua zake zikinijia kwa nyuma. Kwenye karatasi, pale palipoandikwa mzazi au mlezi, nikatia sahihi kwa kalamu ya kuazima.

Tukiwa tunarudi akaninong'oneza, "Umesimama haraka mno, hata hujasikia nimekuwa wa ngapi."

"Wa ngapi?"

"Wa tatu."

Mtihani wa taifa aliufanya, akafaulu. Sasa yuko sekondari, na huko nako nakwenda vikaoni. Namshukuru yeye kwa kunipa nafasi ya pili, ambayo hakuwa na deni la kunipa. Namshukuru yule mama wa pamba. Zaidi ya wote namshukuru mama mlezi, ambaye kwa swali moja, mikono ikiwa ndani ya maji, alinifundisha kazi niliyokuwa nimeisomea chuoni.

Kwa hiyo, shule ikikuita, pita meza kuu bila kusimama. Kaa kwenye benchi la wazazi, weka mkoba chini, na jina la mtoto likisomwa, simama uende naye.