Spika Isiyoogopa Maji Yafika Usoke

Kwa miaka ishirini na saba Advera alipanga madaraja ya tumbaku katika ghala la ushirika pale Usoke. Jani alilishika mara moja tu, akajua kama ni la juu, la kati au la kuwapotezea wanunuzi muda. Kazi hiyo ilimharibu. Hakuweza tena kukiacha kitu bila daraja. Mahubiri na pilau za harusi vyote vilipitia mkononi mwake.

Basi kwaya ya Wamoraviani ilipotaka spika ya kubeba kwenye mikutano ya nje, kamati ilimteua yeye aikague. Mwenyekiti Nikolaus aliileta kutoka dukani kwa Ghalibu, Tabora mjini, wakae nayo siku tatu na isipowafaa wairudishe. Mwenyewe alikwishaitangaza kanisani kuwa ni nzuri mno. Ukaguzi aliutaka kwa sababu fomu ya ununuzi ilikuwa na nafasi ya sahihi ya pili.

"Mama Recheli, hii haiogopi maji," alimwambia Advera. "Ghalibu anasema hata ukiitupa bwawa la Igombe itaendelea kuimba."

Advera akajibu kwamba hakujua kama kwaya inakwenda kuwahubiria samaki, akaipokea.

Siku ya kwanza aliizamisha kwenye ndoo. Ilitoka ikiimba kama mtu aliyejaza ugali mdomoni, lakini alipoikung'uta ikapona. Akaandika kwamba kwa maji iko sawa, ingawa ilimuuma kidogo kuandika hivyo.

Boksi liliahidi chaji ya saa ishirini. Siku ya pili aliiwasha asubuhi, kwa sauti ya kumfikia mtu aliye uani, na kabla ya saa tisa alasiri ilikuwa imekata roho. Nikolaus alimweleza kwa upole, kama anayefundisha darasa la kwanza, kwamba saa ishirini ni kwa sauti ya chini, kama ya watu wawili wanaozungumza. Advera akauliza kama isingekuwa rahisi zaidi kuwabeba hao watu wawili.

Baada ya kuichaji aliiweka mlangoni pa kanisa, akatembea kando ya reli hadi stesheni. Maneno ya wokovu yalibaki njiani. Kilichomfikia ni dundo tu, kama mtu anayetwanga nyumba ya tatu.

Siku ya tatu Nikolaus aliikusanya kwaya uwanja wa mpira ili amalize ubishi. Nyimbo zilikuwa kwenye simu yake, mfukoni mwa shati. Wimbo wa pili haujaisha, mvua ya Novemba ikashuka bila hodi. Wengine walitaka kukimbilia bani la kukaushia tumbaku lililokuwa jirani. Mwenyekiti akawazuia, akisema hiyo ndiyo nafasi ya kuona kwa macho yao. Wakaona. Spika ilikaa juu ya kiti ikilowa kwa fahari. Halafu muziki ukakatika, na bibi fulani wa ndani yake akasema neno kwa Kiingereza. Wenceslaus, mwalimu wa kwaya, akatafsiri kwamba spika imempoteza mwenzake.

Nikolaus akaitoa simu. Maji yakachuruzika kwenye tundu la chaji.

Advera alikuwa na neno lake tayari, tena kali. Lakini aliiona sura ya mzee yule, akakumbuka kwamba picha za marehemu mkewe zimo humo, akalimeza. Badala yake akauanzisha ubeti uliokatika. Kwaya ikamfuata, wamelowa chapachapa, na baadaye watu wa stesheni waliuliza ni mashine gani ile iliyosikika neno kwa neno.

Katika ripoti aliandika: "Maji haiyaogopi. Watu haiwafikii." Kamati iliisoma kwa makini, ikainunua spika. Sasa inakaa ofisini kwa mchungaji, ndani ya kabati, imefunikwa kitambaa isiguswe na vumbi.

Simu, Advera aliipeleka mwenyewe kwa fundi kule Urambo, akakaa naye akiikodolea macho kila skrubu hadi picha zikapatikana. Nikolaus alizipitia moja moja kwenye benchi la kanisa, akimwonyesha. Nyingi alizipiga yeye, na kidole chake kilifunika nusu ya uso wa mkewe. Advera alimwambia hivyo, kisha akasogea karibu aone inayofuata.